Nani anavuta? Jinsi ya kukokotoa maswali ya mwendo wa duara

Fomula ya mwendo wa duara ni moja, na karibu kila mtahiniwa wa kidato cha nne anaijua kwa ghibu: F = mv²/r, ambapo F ni kani, m ni masi, v ni kasi na r ni nusukipenyo cha duara. Hata hivyo hii ni mada ambayo alama humwagika ovyo. Hesabu si kikwazo. Kuzidisha na kugawanya watu wanajua, na kikokotoo kipo mezani. Kosa hutokea kwenye mchoro, kabla fomula haijaandikwa. Mwanafunzi anachora kani zote zilizopo, kisha anaongeza mshale mmoja zaidi wa kuelekea kitovuni mwa duara na kuuandika "kani kitovu". Mshale huo haupo. Ukishauchora, kila kinachofuata kimeharibika, hata kama hukukosea tarakimu hata moja.

Mifano mingi hapa chini ni ya Malindi na jirani zake: tuktuk, mshipi wa kuvulia, ndoo ya maji, na setilaiti iliyorushwa kutoka Ngomeni. Shika karatasi na kalamu usome huku unachora. Kwa g, mchapuko wa kitu kinachoanguka kwa mvutano wa dunia, nimetumia 9.8 m/s². Swali likikwambia utumie 10, tumia 10 bila kubishana.

Kwa nini kuna kani hata kidogo

Tuktuk inapiga kona, na mshale wa spidi umetulia kwenye 20. Abiria atakwambia mwendo haujabadilika. Kwa macho ya fizikia umebadilika, kwa sababu velositi ina vitu viwili ndani yake, kiasi na upande. Kiasi kimebaki 20, lakini upande ambao tuktuk inaelekea unageuka kila nukta. Velositi ikibadilika, kwa kiasi au kwa upande, huo ni mchapuko. Na pasipo kani hapana mchapuko.

Mchapuko huo unaelekea wapi? Usiniamini mimi, chora. Weka duara, weka nukta mbili zilizo karibu kwenye mzingo, na kwa kila nukta chora mshale wa velositi unaogusa duara kwa tanjenti. Sasa hamisha mshale wa pili uanzie pale pale ulipoanzia wa kwanza, kisha unganisha ncha ya kwanza na ncha ya pili. Kamshale hako kafupi ndiko badiliko la velositi, na utakuta kanaelekea ndani, upande wa kitovu. Kiasi cha mchapuko huo ni v²/r.

Hicho kipeo cha pili ndicho chenye makali. Kasi ikiwa mara mbili, kani inayohitajika ni mara nne. Nusukipenyo kikipungua nusu, kani inayohitajika ni mara mbili. Dereva anayeongeza kasi huku akikata kona fupi anaongeza deni pande zote mbili kwa pamoja.

Na anayevuta akiachia? Kitu hakikimbilii nje moja kwa moja kutoka kitovuni, wala hakiendelei kuzunguka. Kinafuata tanjenti, yaani upande uleule kilikokuwa kinaelekea wakati wa kuachiwa. Mtu anayefukuza ndege shambani kwa kombeo anajua hili bila kulisoma popote: haachii kamba jiwe likiwa mbele yake, huachia likiwa ubavuni, ndipo jiwe linapokwenda mbele.

Hatua ya kwanza: lione duara

Kabla ya kani, jiulize mambo matatu. Duara limelala au limesimama? Kitovu chake kiko wapi? Na r ni ipi?

La tatu ndilo linalowaponza wengi. Kitu kinachoning'inia kwa kamba na kuzunguka kwa mlalo, kamba ikichora umbo la pia, kina r iliyo fupi kuliko kamba, kwa kuwa kitovu cha duara hakiko pale kamba ilipofungwa. Kiko chini yake, usawa mmoja na kitu chenyewe. Setilaiti nayo r yake haihesabiwi kutoka ardhini. Hilo tutalirudia tukifika Ngomeni.

Hatua ya pili: orodhesha kani, na kila kani iwe na mwenyewe

Hapa ndipo pa kukaa. Andika kani zote zinazokishika kitu hicho, na kando ya kila moja andika nani anaifanya. Dunia inavuta chini: uzito, mg. Ardhi inasukuma juu: N. Lami inashika matairi kwa ubavu: msuguano. Kamba inavuta: mkazo. Bawa linasukumwa na hewa. Kani ambayo huwezi kumtaja mwenyewe, ifute.

Kani kitovu haina mwenyewe, kwa sababu ni cheo. Ndani ya jahazi kuna nahodha, lakini ukihesabu watu waliomo humhesabu mtu aliyeshika usukani, kisha ukamhesabu nahodha kama mtu mwingine. Ni yule yule. Vivyo hivyo, cheo cha kani kitovu leo kinashikwa na mkazo wa kamba, kesho na msuguano, keshokutwa na mvutano wa dunia, na wakati mwingine kani mbili zinakishika kwa ubia. Kwa hiyo mshale wa kani kitovu hauchorwi kabisa. Unachora wenye cheo tu.

Mshale wa kwenda nje nao usiuchore. Nitaueleza mbele.

Hatua ya tatu: jumlisha kuelekea kitovuni

Chora mstari kutoka kwenye kitu hadi kitovuni. Kila kani, au sehemu yake, inayoelekea ndani kwenye mstari huo ni chanya. Inayoelekea nje ni hasi. Jumla yake ndiyo inayolingana na mv²/r:

(za ndani) − (za nje) = mv²/r

Upande wa kushoto ni kani halisi ulizoziorodhesha. Upande wa kulia si kani ya ziada, ni bei ya kugeuza kitu chenye masi m kwa kasi v kwenye nusukipenyo r. Kushoto unaonyesha nani analipa, kulia ni kiasi gani. Ukishika utaratibu huu, maswali yote yaliyobaki ni ya kubadilisha majina.

Kama duara limelala, kani za juu na chini hazina kazi ya kugeuza. Zinasawazishana zenyewe kwa zenyewe, na mara nyingi mlinganyo huo wa pili ndio unaokupa N.

Hatua ya nne: chagua sura ya fomula

Swali likikupa kasi, tumia mv²/r. Likikupa mizunguko kwa dakika, igeuze kwanza iwe radiani kwa sekunde, yaani ω (zidisha kwa 2π, gawanya kwa 60), kisha tumia mω²r. Likikupa muda wa mzunguko mmoja, T, tumia 4π²mr/T². Ni kitu kimoja kwa mavazi matatu. Kilomita kwa saa zigawanye kwa 3.6 kabla ya kufanya lolote. Gramu zipeleke kwenye kilo, sentimita kwenye mita. Nimeona karatasi nzuri kabisa zikianguka hapa.

Mfano wa tuktuk

Kona ya lami iliyo tambarare ina nusukipenyo cha mita 10. Kizigeu cha msuguano (μ) kati ya matairi na lami kavu ni 0.6. Tuktuk na abiria wake ni kilo 600. Kasi ya juu kabisa isiyoteleza ni ngapi?

Duara limelala, kitovu kiko upande wa ndani wa kona. Kani: uzito chini, N juu, msuguano wa lami kuelekea ndani. Basi. Juu na chini zinasawazishana, N = mg. Kuelekea kitovuni kuna msuguano peke yake, na hauwezi kuzidi μN. Kwa hiyo:

μmg = mv²/r
v = √(μgr) = √(0.6 × 9.8 × 10) = √58.8 = 7.67 m/s

Zidisha kwa 3.6 upate kilomita 27.6 kwa saa.

Angalia kilo 600 zilivyotoweka. Swali lilizitaja ili kukujaribu. Tuktuk tupu na tuktuk iliyojaa zina kikomo kimoja cha kuteleza, kwa kuwa mzigo unaongeza kani inayohitajika na msuguano unaopatikana kwa kiwango kilekile. Mchanga ukimwagika juu ya lami, tuseme μ inashuka hadi 0.3, kikomo kinakuwa √29.4 = 5.42 m/s, kama kilomita 19.5 kwa saa. Msuguano umepungua nusu lakini kasi haikupungua nusu. Imegawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2.

Mtihani huishia hapo. Barabarani kuna jambo la pili: tuktuk huweza kupinduka kabla ya kuteleza. Msuguano unashika chini kwenye matairi, ilhali kitovu cha uzito kiko juu, kwenye usawa wa viti, na tofauti hiyo ya kimo inataka kukigeuza chombo ubavu. Kama kitovu cha uzito kiko kimo h, na umbali wa mlalo kutoka kwenye kitovu hicho hadi mstari unaounganisha gurudumu la mbele na la nyuma la upande wa nje ni b, kikomo cha kupinduka ni v² = gr × b/h. Linganisha b/h na μ. Iliyo ndogo ndiyo itakayokufikia kwanza. Kwa magurudumu matatu, mstari huo unapita karibu na katikati kwa sababu gurudumu la mbele ni moja, hivyo b ni fupi. Tuseme b ni mita 0.35 na h ni mita 0.7: b/h ni 0.5, chini ya 0.6, na kikomo kinakuwa √49 = 7.0 m/s, yaani kilomita 25 kwa saa. Gurudumu la ndani litainuka tairi zikiwa bado zimeshika lami. Na hapa mzigo unaanza kuwa na maana, si kwa uzito wake bali kwa mahali ulipowekwa: magunia juu ya paa yanainua h.

Sasa yule mama aliyekaa ukingoni na anayepaza sauti, "Polepole mwanangu, utatutupa nje!" Nani anamtupa? Hakuna. Mwili wake unataka kuendelea moja kwa moja, na tuktuk ndiyo inayogeuka mbele yake. Hatimaye chuma cha ubavuni kinakutana na bega lake na kumsukuma kuelekea ndani ya kona. Ukisimama kando ya barabara utaona hivyo hasa. Ukikaa ndani ya tuktuk utahisi kinyume, na hisia hiyo ndiyo inayozaa ule mshale wa nje kwenye karatasi.

Mshale huo una historia yenye heshima. Christiaan Huygens alipata kanuni ya v²/r mwaka 1659 akiihesabu kama kani ya kukimbia kitovu. Isaac Newton ndiye aliyeigeuza uso, akaitazama kama kani inayovuta kuelekea kitovuni, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1687. Mtu anayefanya hesabu zake akiwa ndani ya kitu kinachozunguka anaruhusiwa kuuweka mshale wa nje, mradi kwake yeye kitu kimetulia na hana mv²/r upande wa pili. Mwanafunzi anayeuchora mshale wa nje na bado akaandika mv²/r amelipa deni moja mara mbili. Ushauri wangu kwa anayeanza: simama kando ya barabara, usipande.

Jaribio la mshipi na chubwi

Maabara ya shule hutumia mrija wa kioo na vizani. Nyumbani, bomba la biro lililokwisha wino linatosha. Sugua midomo yake kwa msasa mpaka iwe laini, maana ukingo mkali utakata uzi. Pitisha mshipi wa kuvulia ndani ya bomba. Ncha ya juu ifunge raba ya kufutia yenye gramu kama 20. Usitumie jiwe, uzi ukikatika litampata mtu. Ncha ya chini ifunge chubwi, kile kizani cha madini ya risasi kinachozamisha ndoano.

Masi za raba na machubwi zinatakiwa zijulikane. Muuza viungo mwenye mizani ya dijitali atakusaidia.

"Shikamoo mzee. Naomba unipimie machubwi haya."
"Marahaba. Ya kuvulia?"
"Ya fizikia, mzee."
"Haya, weka hapo."

Toka nje, mbali na madirisha. Shika bomba wima juu ya kichwa na uzungushe mkono kidogo hadi raba ianze kuzunguka kwa mlalo na chubwi likae limening'inia bila kupanda wala kushuka. Ili ujue urefu haubadiliki, bandika kipande cha tepu kwenye mshipi, sentimita moja chini ya mdomo wa chini wa bomba. Tepu ikibaki pale pale, urefu wa juu nao umebaki uleule. Ikigusa bomba, jaribio limeharibika, kwa sababu sasa bomba nalo linavuta na hujui linavuta kiasi gani. Mwenzako apime kwa simu muda wa mizunguko 20.

Nani anavuta raba? Mshipi. Mkazo wa mshipi ni kiasi gani? Sawa na uzito wa chubwi, kwa kuwa chubwi limetulia. Kwa hiyo, M ikiwa masi ya chubwi na L urefu wa mshipi kutoka bomba hadi raba:

Mg = 4π²mL/T²

Kwa raba ya gramu 20, L ya sentimita 50 na machubwi ya gramu 100, T inatoka sekunde 0.635, hivyo mizunguko 20 ichukue sekunde 12.7 hivi. Kwa gramu 200, sekunde 9.0. Kwa gramu 50, kama 18.0. Chubwi mara nne, muda nusu. Chora grafu ya Mg dhidi ya 1/T² upate mstari ulionyooka unaopita sifuri, na mteremko wake ni 4π²mL. Ukigawanya mteremko kwa 4π²L unapata masi ya raba bila kuiweka kwenye mizani. Linganisha na alichosoma muuza viungo.

Mwanafunzi makini atalalamika kwamba mshipi haulali kabisa, unainama kidogo kwa uzito wa raba, basi r si sawa na L. Kweli. Lakini mshipi ukiinama, sehemu ya mkazo inayovuta kwa mlalo inapungua kwa uwiano wa r/L, na nusukipenyo nacho kimepungua kwa uwiano uleule. Viwili hivyo vinafutana, ndiyo maana nimeandika L ndani ya fomula na si r. Hitilafu itakayobaki inatokana na msuguano kwenye mdomo wa bomba, na saa kuwahishwa au kucheleweshwa.

Duara lililosimama

Ndoo yenye kilo 2 za maji inazungushwa wima kwa mkono, r ni mita 0.9. Chukua maji peke yake kama kitu. Wanaoyashika ni wawili, dunia na kitako cha ndoo.

Juu kabisa, dunia inavuta chini na kitako kinasukuma chini, na kitovu kiko chini. Zote mbili ni za ndani: N + mg = mv²/r. Kwa kasi ya 4 m/s, mv²/r ni nyutoni 35.6, mg ni 19.6, hivyo N ni 16.0. Chini kabisa kitovu kiko juu: N − mg = mv²/r, na N ni 55.2. Ndiyo sababu mkono huhisi mzigo mkubwa ndoo inapopita chini.

Sasa punguza kasi pale juu iwe 2 m/s. Upande wa kulia unashuka hadi 8.9, na N inatoka −10.7. Alama ya kutoa hapa si ya kufuta kwa siri. Inasema kitako cha ndoo kingetakiwa kiyavute maji juu, na kitako hakina uwezo huo, kinasukuma tu. Kwa hiyo duara halikuwezekana, na maji yameshakumwagikia. Kikomo ni pale N inapokuwa sifuri: v = √(gr) = √8.82 = 2.97 m/s. Kwenye kasi hiyo mvutano wa dunia unashika cheo peke yake.

Tuta au daraja lenye mgongo ni swali hilohilo lililogeuzwa. Gari liko juu ya duara, kitovu kiko chini ya barabara: mg − N = mv²/r. Kwa mgongo wenye nusukipenyo cha mita 20, gari linaachana na lami kwenye √(9.8 × 20) = 14 m/s, kilomita 50 kwa saa.

Ndege inayogeuka kabla ya kutua haina lami ya kushika, kwa hiyo inalaza mabawa. Kani ya hewa kwenye mabawa inagawanyika: sehemu ya juu inabeba uzito, sehemu ya ubavu inageuza. Gawanya mlinganyo mmoja kwa mwingine upate tan θ = v²/(rg), θ ikiwa pembe ambayo mabawa yamelazwa. Kwa 60 m/s na θ ya nyuzi 30, r ni kama mita 636. Barabara iliyoinuliwa upande wa nje wa kona inatumia fomula hiyohiyo, N ikiwa mahali pa hewa.

Setilaiti ya Ngomeni

Baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia waliweka jukwaa la San Marco na kulitumia kurusha setilaiti kati ya 1967 na 1988. Mashuhuri kuliko zote ni Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Disemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, na ikawa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ilizunguka kwenye kimo cha kati ya kilomita 520 na 560 hivi, karibu sana na mstari wa Ikweta. Kasi yake ilikuwa ngapi, na mzunguko mmoja ulichukua muda gani?

Nani anavuta? Dunia, peke yake. Kitovu ni kitovu cha dunia. Kimo cha wastani ni kilomita 540, nusukipenyo cha dunia kwenye Ikweta ni 6,378, kwa hiyo r ni kilomita 6,918, yaani 6.918 × 10⁶ m. Zao la G, namba isiyobadilika ya mvutano, na M, masi ya dunia, ni 3.99 × 10¹⁴.

GMm/r² = mv²/r
v = √(GM/r) = √(3.99 × 10¹⁴ ÷ 6.918 × 10⁶) ≈ 7,590 m/s

T = 2πr/v inatoka kama sekunde 5,720, dakika 95 na kitu. Kumbukumbu za Uhuru zinataja dakika 96. Kwa hesabu ya mistari mitatu iliyodhani njia ni duara kamili, si haba.

Anayeweka r = 540 km anapata kilomita 27 kwa sekunde, na hapo kengele ilipaswa kulia: kitu chenye kasi inayozidi kilomita 11.2 kwa sekunde hakiizunguki dunia, kinaikimbia.

Kokotoa pia v²/r kwenye kimo hicho: 8.3 m/s². Hiyo ni asilimia 85 ya g ya ufukweni. Wanaosema setilaiti haianguki kwa sababu "huko juu hakuna mvutano" wamekosa kabisa. Mvutano uko tele, na bila huo Uhuru ingeshika tanjenti na kupotea. Watu wa angani wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, kwa mchapuko mmoja, na hakuna sakafu inayowasukuma.

Na kwa nini hapa petu? Malindi iko karibu nyuzi 3 kusini ya Ikweta, na ardhi yake inazunguka pamoja na dunia kwa kasi ya kama 464 m/s kuelekea mashariki, ambako ni bahari tupu. Roketi inayorushwa upande huo inaanza safari tayari ina sehemu ya 6 kwa mia ya kasi inayoihitaji. Wewe uliyekaa unasoma hapa unazunguka kwa kasi hiyohiyo. Mlinganyo wako ni mg − N = mω²r, na kwa mtu wa kilo 70 upande wa kulia ni nyutoni 2.4, hivyo mizani inakupunja kama gramu 240 ikilinganishwa na dunia iliyosimama.

Ya kujaribu

Moja. Kizibo cha gramu 150 kwenye kamba ya sentimita 80 kinazunguka juu ya meza laini mara 90 kwa dakika. Mkazo wa kamba ni ngapi?

Mbili. Bodaboda inapita kona tambarare ya nusukipenyo mita 25, μ ni 0.5. Kikomo cha kuteleza ni kilomita ngapi kwa saa, na mvua ikipunguza μ hadi 0.25?

Tatu. Mtoto wa kilo 30 yuko kwenye bembea ya kamba mbili zenye urefu wa mita 2. Akipita chini kabisa kwa 3 m/s, kila kamba ina mkazo gani?

Majibu: la kwanza ni nyutoni 10.7. La pili ni kilomita 39.8 kwa saa, kisha 28.2. La tatu ni nyutoni 214.5 kwa kila kamba, maana mkazo wa zote mbili ni 294 + 135 = 429. Kama ulipata 67.5, umesahau kuorodhesha uzito. Kama ulipata 79.5, uzito uliuona lakini kitovu umekiweka chini ya mtoto. Rudi hatua ya kwanza, uchore tena.